Hukumu ya Neno Kukaa

Inatangazwa kwa umma wote, wenye nyumba na wapangaji, kwamba Mahakama imemaliza kabisa utata wa sheria ya makazi. Jaji alifungua kamusi, akasoma maana ya kwanza, akaifunga. Kukaa ni kuweka makalio juu ya kitu. Kwa hiyo mpangaji atakayekutwa amesimama chumbani mwake hakai humo, na atatolewa mara moja.

Karani wa mahakama, aliyeipiga chapa hukumu hiyo, aliona fahari utadhani kaitunga yeye. Mtaani watu walipika wamekaa, wakapiga deki wamekaa, wakagombana na majirani wamekaa. Bwana mmoja aliinuka kumuua mende, akalala nje. Mende alibaki ndani, kwa kuwa sheria haikumtaja. "Sheria ni msumeno," karani aliwaambia walalamikaji, "hukata mbele na nyuma."

Basi msumeno ukamfikia shangazi yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Mwenye nyumba alimkuta juu ya stuli akitundika pazia.

"Si nilikuwa juu ya stuli?" shangazi alimuuliza karani alipoitwa mahakamani.

"Kwa nyayo, shangazi. Sheria inataka makalio."

"Makalio yako nimeyafuta mimi, leo unanifundisha kazi ya makalio?"

Karani ilimuuma, tena sana. Shangazi akitolewa hakuwa na pa kwenda. Kwa karani kulikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja, na mke aliyewachukia wageni kuliko kunguni. Hata hivyo kesi aliipanga, maana kazi ni kazi.

Siku ya kesi wapangaji wa mtaa mzima walijaa mahakamani. Mlango wa nyuma ukafunguka, Jaji akaingia na joho lake. Karani akapaza sauti: "Simameni!"

Hakuinuka mtu.

"Shangazi, simama bwana, unaniaibisha!"

"Nisimame mpate ushahidi? Thubutu! Nimekaa, mwanangu."

Sasa, utaratibu ni kwamba Jaji hakai mpaka watu wamesimama. Akasubiri. Nao wakasubiri. Wakili wa mwenye nyumba aliinuka kutoa pingamizi, akakumbuka alipo, akakaa upesi.

"Samahani, baba," shangazi alimwita Jaji kwa upole. "Wewe hapa unakaa, au unapita tu?"

"Nakaa hapa tangu ujana wangu!" Jaji alifoka, wima kama mlingoti.

Macho yote yakamgeukia karani. Naye akamkagua Jaji kuanzia viatu kwenda juu, akitafuta makalio yaliyowekwa juu ya kitu. Hakuyaona. Machozi yalimlengalenga.

"Mheshimiwa," alisema, "umekutwa umesimama."

Kesi ya shangazi ilifutwa kwa kukosa jaji anayekaa. Joho, chupa ya chai na mto wa kitini vilitolewa nje kwa heshima zote. Jaji, miguu ikimuuma, aliutandika mto ule kando ya barabara, akakaa aanze kuandika rufaa.

Askari wa manispaa alikuwa akipita. Alimtazama, akautazama mto, akatoa kalamu.

"Mzee, unakaa hifadhi ya barabara. Kusanya vyako uhame."

"Mimi sikai hapa!" Jaji alipiga kelele. "Nimekaa tu!"

"Ni kitu kimoja," askari alisema akiendelea kuandika. "Kama hukubali, kamwone Jaji."