Kamanda na Magazeti ya Mama

Jumatatu, 4 Agosti
Mama katoa hukumu, pini mdomoni, cherehani ikinguruma. Hadi Jumamosi mbwa wangu Kamanda awe ameacha kulowesha sakafu. La sivyo anahamia kwa jirani seremala, akalinde mbao. Dada kachekelea. Yeye alitaka paka. Nikamwambia mama asihofu, mbwa nawajua tangu zamani. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Ijumaa.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango wa kwanza: akinywa maji, nje. Tumekaa uani saa nzima. Kamanda kanusa ndoo, katafuna kandambili yangu, kalala. Tukarudi ndani. Kakojolea kiatu cha dada. Angalau ana shabaha.

Jumatano, 6 Agosti
Wazo kubwa! Shule niliiacha, akili sikuiacha. Gazeti sakafuni, Kamanda juu yake. Akikojoa hapo, anapata kipande cha mkate. Mara ya nne kaenda mwenyewe. Kichwa kama changu! Magazeti nachomoa kwenye rundo chini ya cherehani. Rundo lenyewe refu, mama hatajua.

Ijumaa, 8 Agosti
Sakafu kavu siku mbili. Seremala kapita, kauliza kama aanze kuchonga kibanda cha mbwa. Nikamwambia achonge, alale mwenyewe. Mama kanikemea, kisha pembeni kaniuliza nimetumia dawa gani. Nikasema siri ya ualimu. Dada kanitazama, kalitazama rundo, kanyamaza. Nikajua kakubali kushindwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Mteja kaleta kitambaa cha kijani, anataka gauni. Sasa, mama hagusi kitambaa kabla ya kukata ruwaza za gazeti: kola, mikono, mgongo, zote azitandaze sakafuni. Nimeliona hilo tangu nizaliwe. Sijui kwa nini leo lilinishtua.

Vipande tisa sakafuni. Kamanda kaingia, kaona neema. Kaanza na mgongo. Kasogea mkono wa kushoto, kamalizia. Kisha kaja kukaa mbele yangu, anangoja mkate wake.

Seremala alikuwa mlangoni tayari, kamba mkononi. Mama akaitazama ruwaza, akaitazama kamba, akanitazama mimi.

“Mbwa kafanya alivyofundishwa,” akasema. “Ukitaka wa kuondoka naye, jirani, mchukue mwalimu.”

Seremala kanipima juu hadi chini. Kasema ni afadhali mbwa.

Mama katuongezea wiki moja. Dada kakiri alijua tangu jana. Ndugu wa damu!

Jumapili, 10 Agosti
Nimekata ruwaza upya, zote tisa, dada kanisimamia kama askari. Magazeti sasa marufuku. Sawa. Mwalimu hodari haachi somo, hubadili kifaa tu. Mama alipotoka nikapekua chini ya meza. Nikakuta kitambaa kikubwa cha kijani, kimekunjwa vizuri, hakuna anayekitumia. Nikamtandikia Kamanda.

Kaelewa mara ya kwanza!