Posa ya Mtu wa Ufalme wa Zuhali

Kisangani, komini ya Tshopo, Alhamisi

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Télesphore, mkuu wa familia yetu, Yangambi

Yaya mheshimiwa,

Baada ya kukusalimu wewe na wote wa nyumbani, nakuomba kwa heshima zote uzuie ndoa ya binti yangu Fortunée na kijana Asumani kabla ya siku ya mahari, yaani Jumamosi ya wiki ijayo. Barua hii anakuletea Mama Emérence, anayepanda boti kesho asubuhi.

Najua utakachofikiri. Asumani ni Mwislamu wa Maniema, sisi ni Wakatoliki. Kwa hilo nalala usingizi wangu wote. Padri na imamu wameshazungumza na hawana neno. Kabila pia halinisumbui. Hata ualimu wake wa hesabu nimeuvumilia. Tatizo, Yaya, ni kwamba kijana huyu ni shabiki wa Ufalme wa Zuhali.

Wewe huangalii filamu za angani, basi nikueleze. Kuna hadithi mbili za nyota ambazo hazina mwisho. Yetu ni Kikosi cha Orioni, miaka thelathini na minne sasa, misimu ishirini na miwili. Nimeiangalia yote na Fortunée, tangu enzi ambazo miguu yake haikufika sakafuni akikaa kitini, kila Jumamosi ambayo mtaa wetu una zamu ya umeme. Nyingine ni hiyo takataka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika Kikosi, kapteni hafyatui kombora kabla ya kusaini fomu, nakala tatu. Nimekuwa karani miaka thelathini na mmoja na naapa kwamba mihuri yao iko mahali pake. Katika Ufalme, mfalme anachoma sayari nzima bila hata barua ya kuwaarifu wakazi. Mtu aliyezoea mambo hayo atasainije cheti cha ndoa?

2. Malkia wa Zuhali amekufa mara sita. Kila akifa watu wanalia, wanazika, na msimu unaofuata anaingia mlangoni amebadilisha nywele. Siku nikifa mimi, mkwe wa namna hiyo hatakaa matanga. Ataweka kiti mlangoni angoje nirudi.

3. Siku ya kujitambulisha tulikula liboke, samaki wa kuokwa ndani ya majani, kwa amani, mpaka baba mdogo wa Asumani, Papa Ismaël, mwenye duka la mabati, alipoiona picha ya kapteni wetu ukutani, pembeni ya Bikira Maria. Nanukuu maneno yake ili yaingie katika kumbukumbu za familia: "Bon, siye tunaangaliaka Ufalme. Ile ingine iko ya batoto." Mimi nina miaka sitini na mitatu na ugonjwa wa presha. Nikamwuliza kwa upole, katika Ufalme chakula kinatoka wapi, maana kwa miaka arobaini hajaonyeshwa mtu hata mmoja akilima. Akaomba pilipili.

4. Asumani alijaribu kutupatanisha, akasema zote mbili ni nzuri. Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote. Mtu asiyeweza kuchagua kati ya ukweli na uchafu, atachaguaje jina la mtoto?

5. Tena hao watoto. Fikiria wajukuu wangu wakisalimia kwa ngumi kwenye paji la uso, kama askari wa Zuhali, mbele ya kaburi la baba yetu. Halafu kwa kina Asumani, huko Mangobo, zamu ya umeme ni Jumamosi ileile kama yetu. Maana yake Fortunée atakuwa huko anamwangalia malkia akifa, na mimi hapa na kiti kitupu. Tangu mama yake atutoke sijaangalia hata sehemu moja peke yangu, na sina nia ya kujifunza sasa.

Kwa hiyo waandikie kwamba familia imekataa kwa sababu za kisayansi. Ukiona kuvunja posa ni kuzito, Asumani apewe miaka mitano aangalie misimu yote ishirini na miwili, kisha afanye mtihani nitakaoutunga mwenyewe. Fortunée asijue kwamba nimeandika.

Nisalimie shemeji, watoto, majirani, na yule mtafiti wa migomba aliyeniahidi machipukizi.

Ni mimi mdogo wako, nikutiiye katika yote isipokuwa haya,

Hubert, karani mstaafu

Nyongeza, Jumapili: Mashine ya boti iliharibika, barua ikabaki mezani, na Fortunée ameisoma. Jana alikuja na Asumani na flashi ya Ufalme. Nilikubali sehemu moja, kwa ajili ya ushahidi. Tuliangalia tisa. Malkia alipokufa ile mara ya kwanza, nami najua kabisa kwamba atarudi, nilitoka kwenda uani kujifanya nafungia kuku. Asumani akanifuata na kitambaa, akanipa, akarudi ndani. Ningeandika barua nyingine, ila iliyokwisha kupigwa muhuri haichanwi. Usizuie kitu, Yaya, njoo na suti yako. Katika orodha ya mahari futa mbuzi wa pili, uandike mahali pake: kila Jumamosi, wote wawili, kwangu, pamoja na flashi. Umeme ulikatika kabla hatujajua nani alimpa malkia sumu, na Papa Ismaël siwezi kumwuliza.