Picha ya Watu Watatu

Vuong hakuwa na ufundi wowote isipokuwa huu: akimwona mtu anakunywa kahawa, alijua mara moja kinachomliza. Asubuhi hiyo, kando ya mfereji mjini Sa Dec, alimwona Bi Sau, muuza supu ya tambi, ameinamia simu huku machozi yakimdondoka karibu na mabakuli ya wateja. Nyuma yake, chini ya turubai, kulikuwa na pikipiki. Kusema kweli Vuong aliiona pikipiki kwanza, machozi baadaye. Tumsamehe, ndivyo macho yake yalivyoumbwa.

"Shangazi, umefiwa na nani?"

"Mume wangu, Thoai. Mwezi huu anatimiza mwaka. Ukoo wote unakuja kula, na sina picha yake ya kuweka kwenye meza ya kumfukizia ubani. Aliyopendeza ni hii tu."

Ilikuwa picha ya harusini. Thoai anacheka, meno yote nje, binamu kushoto, binamu kulia. Vuong alishtuka, na safari hii hakuwa anaigiza. Watu watatu, marehemu katikati! Nani asiyejua kwamba wakipigwa picha watatu, wa katikati ndiye anayetangulia kufa?

"Nilimwambia aite hata mpishi, wawe wanne," alisema Bi Sau. "Akacheka."

"Kuwakata hao mabinamu niachie mimi. Ila si kazi ya kukurupuka, Shangazi. Marehemu ukimkata kwa mkupuo mmoja anashtuka. Unakata kidogo leo, kidogo kesho, huku unakula chakula cha nyumbani kwake ili akuzoee."

"Na malipo?"

Vuong aligeukia mfereji, kama mtu anayeona haya. "Ile pikipiki inapata kutu bure."

Bi Sau alimtazama kwa muda mrefu. Mtu mwangalifu angeogopa. Vuong alidhani ameaminiwa.

"Sawa, mwanangu. Lakini kama ni kuzoeana, basi na kazi zake uzifanye. Thoai ndiye aliyekuwa akibeba vyungu."

Basi kila alfajiri Vuong akawa anabeba vyungu. Alipasua mifupa ya supu, akaosha mabakuli, akaziba bati lililokuwa likivuja. Akishamaliza alikaa kwenye kiti cha Thoai, akala mabakuli mawili, akapangusa mikono, akachukua simu ya Bi Sau na kusogeza ukingo wa picha upana wa unywele.

"Leo sikio la binamu limetoka!" alitangaza.

Wateja wakawa wanafuatilia kama mpira. "Bega vipi?" "Bega kesho, kaka. Lina mfupa mgumu."

Kuna asubuhi Bi Sau alimwita, "Thoai, leta chumvi." Vuong akaleta chumvi. Tangu siku hiyo kipande kizuri cha ini kilikuwa kwenye bakuli lake bila kuomba.

Siku ya kumbukumbu ukoo ulijaa hadi barabarani. Juu ya moshi wa ubani Thoai alicheka peke yake, hana binamu. Bi Sau alimkabidhi Vuong ufunguo wa pikipiki mbele ya watu wote, na mashangazi wawili wakamdaka mikono.

"Njoo tupige picha na kijana mchapakazi!"

Bi Sau akapiga. Vuong alitabasamu, halafu akatazama kushoto, akatazama kulia. Tabasamu likamkauka.

"Shangazi! Tulikuwa wangapi?"

"Mlipendeza sana."

"Nikate! Nitoe hapo katikati sasa hivi!"

Bi Sau alifungua kwanza picha ya Thoai. Akabonyeza, mabinamu wakarudi na masikio na mabega yao. Akabonyeza tena, wakatoweka. Hata kupepesa macho kunachukua muda zaidi.

Vuong aliinyooshea simu kidole. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Kumkata nilikuwa naweza. Vyungu ndivyo sikuweza."

"Basi nikate na mimi. Au futa kabisa!"

"Nikufute? Na wewe ufutike?" Bi Sau alitia simu mfukoni. "Wewe uko hai, mwanangu, utashtuka zaidi. Tutakata kidogo leo, kidogo kesho. Kama una haraka, pikipiki yako hiyo hapo. Nenda salama."

Vuong alitazama pikipiki. Akatazama barabara ya kivukoni, malori yakipita yakipiga honi. Ufunguo ulikuwa umelowa jasho kiganjani mwake. Aliutundika kwenye msumari juu ya jiko.

"Vyungu vya kesho ni vingapi?" aliuliza.

Kesho yake wateja walikaa, wakavuta mabakuli yao.

"Shangazi wa kushoto amefikia wapi?"

"Hereni imetoka," alijibu Bi Sau, akimwekea Vuong kipande cha ini. "Sikio bado."