Ofisi ya Kuinama ya Muang Laen

"Hivi mwenzangu, mwaka huu sisi ni watumwa wa nani?" jirani yangu Nang Ui aliniuliza, tukiwasubiri watawa wapite tuwape wali.

Nilimwambia asiwe na haraka, wakubwa wanalishughulikia. Na kweli, ngoma ikapigwa sokoni. Mtawala wetu wa Muang Laen, kwa hekima isiyo na mipaka, ameunda Ofisi ya Kuinama. Asubuhi nchi nzima itamwinamia mfalme wa kaskazini. Jioni, wa kusini. Adhuhuri ni mapumziko ya mgongo.

Ukuu wa Ofisi alipewa Saen Fong, mtu mwenye mgongo mzoefu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuteua nyati wa kuchinjiwa mzimu wa mji, ili mzimu nao uridhie mpango. Akaja kwangu.

"Bibi, nyati wako ameteuliwa. Hongera."

"Mheshimiwa, ndiye huyohuyo mmoja. Nitalimia nini?"

"Moyo wa kujitolea."

"Wako si wamejaa zizini?"

"Wale ni wa kiofisi."

Nikamwombea, maana alihitaji.

Siku ya kuulisha mzimu, nyota za mianzi hutundikwa malangoni: haingii mtu, hatoki mtu. Atakayevuka, nyati wake ndiye anayechinjwa. Ndivyo walivyoamua mababu, nao hawakuuliza vyeo.

Nyati wangu alikuwa keshafungwa nguzoni, kuhani kashika kisu, mara tembo akalia nje ya lango. Mjumbe wa kusini! Saen Fong akatoka mbio, akapita chini ya nyota, akapiga magoti vumbini. Hapo akakumbuka kuwa bado ni asubuhi. Akageukia kaskazini, akainama kwa ufanisi mkubwa. Mjumbe akapokewa na makalio.

"Ndizo salamu zenu hizi?"

"Ni ratiba, Mheshimiwa," Saen Fong akajibu, kichwa bado kiko chini. "Jioni utauona uso."

Kuhani akasogea hadi langoni. "Saen, umevuka. Tunamtaka nyati wako."

"Nilikuwa kazini!"

"Mzimu haujui mambo ya kazi."

"Mzee, unajua unaongea na nani?"

"Na mtu aliye nje ya lango."

Watu wakacheka mpaka tembo akarudi nyuma. Kuhani akakata kamba ya nyati wangu. Saen Fong akamtazama mjumbe amtetee. Mjumbe akatazama milima. Basi akainuka, akajipangusa magoti, akashika njia ya zizini kwake kumleta nyati.