Jezi ya Kiragu

Jumanne, 4 Machi 2008
Mazoezi ya kwanza tangu ghasia za uchaguzi wa Desemba. Tulikuwa ishirini na wawili. Leo tumefika kumi na watatu. Ukungu mzito. Nyumba za nyuma ya goli hazina mapaa na bado zinanuka moshi. Kocha Aloo aliita majina yote kama zamani, hata ya wasiokuwepo, na kila mara alingoja kidogo. Alipomwita Kiragu, winga wetu wa kushoto, alingoja zaidi. Hakuna anayejua aliko.

Nina miaka thelathini na mitano. Klabu inaamini ishirini na tisa. Nimechezea timu tisa, nyingi nikiwa benchi. Sasa jezi ya Kiragu, nambari kumi na moja, haina mtu. Kiptoo, kijana wa juzi, anaitamani. Asahau!

Jumatano, 5 Machi
Mpango umekubali! Nilimwambia kocha Kiragu amenipigia simu: yuko Timboroa, mzima, na anaomba mimi, Kituyi, nimvalie jezi mpaka arudi. Uongo mtupu. Simu yangu haina hata chaji. Aloo alinitazama sana, kisha akaniletea jezi mwenyewe. Kiptoo akanuna. Ushindi!

Alhamisi, 6 Machi
Jezi ni baridi hata juani. Kiragu alipotaka mpira alikuwa akipiga mluzi mara mbili. Leo, nikikimbia upande wake, nilisikia mluzi nyuma yangu. Mara mbili. Kugeuka, ukungu tu. Nikamkaripia Kiptoo aache mchezo. Akaapa si yeye. Akasema naye amesikia.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mama Nyaguthii, mamake Kiragu, amekuja uwanjani kutoka kambi ya wakimbizi. Habari za ile simu zimemfikia. Akanishika mkono, akauliza kama ni kweli. Kocha alikuwa amesimama hapo hapo. Nikasema ni kweli, mama.

"Alikuwa anakohoa?"

"Kidogo tu."

"Ameniulizia?"

"Wewe ndiye wa kwanza kuuliziwa."

Akacheka huku analia. Akasema anakwenda Timboroa leo leo, kuna lori la kabichi litambeba. Nikamsihi angoje. Wapi! Akaondoka na sweta ya mwanawe begani.

Jumapili, 9 Machi
Jana tulifungwa mbili bila. Sikugusa mpira. Kila niliposimama nilimwona yule mama kwenye baridi ya Timboroa, anauliza mlango kwa mlango. Kesho namwambia kocha kila kitu. Kweli kabisa.

Jumatatu, 10 Machi
Sikuhitaji! Mama Nyaguthii amempigia kocha simu. Amempata! Kiragu yuko Timboroa, anapasua mbao kando ya msitu. Anakohoa kidogo.

Aloo aliketi kwenye nyasi akalia. Timboroa niliitaja kwa sababu ndilo jina lililonijia mdomoni!

Kiragu alipewa simu, akamwambia kocha hajawahi kunipigia, hata nambari yangu hana. Lakini kocha alininong'oneza nisimlaumu, yaliyompata yamemchanganya. Kiragu akasema tu kwamba wiki iliyopita aliota yuko mazoezini, anapiga mluzi, na hakuna anayempa pasi.

Jumatano, 12 Machi
Asubuhi nimefungua mlango wangu hapa Kapsoya. Watu saba wamesimama kwenye ukungu, picha mikononi. Wamesikia kuna mchezaji anayepigiwa simu na waliopotea. Mbele kabisa ni Nabwire, jirani anayeuza mboga, na picha ya mumewe.

Nikaapa moyoni kusema ukweli. Nikafungua mdomo. Wote wakanitazama vile ambavyo hakuna uwanja uliowahi kunitazama katika miaka kumi na sita ya mpira.

Nikaichukua picha. Nikaiangalia kwa makini.

"Yuko kule Soy, mama," nikasema. "Anakusalimia."