Kipepeo wa Kopo la Siagi

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwona! Kinamasini, nyuma ya misonobari: kipepeo wa rangi ya chungwa ambaye wilaya yetu haijamwona tangu enzi nilipokuwa na nywele. Nilizama hadi kiunoni, lakini simu niliinua juu na picha nikapiga. Atakayethibitisha kuwa kipepeo huyu yupo ataongoza matembezi ya Jumamosi na kuvaa kofia ya kijani ya chama chetu cha wapenda vipepeo. Mardell Tveit ameivaa miaka nenda rudi, mpaka imechukua umbo la kichwa chake. Safari hii ataivua!

Jumanne, 10 Juni

Siamini! Picha imekataliwa. Mardell kasema mbele ya chama kizima kwamba kwa juu vipepeo wa chungwa wote ni baba mmoja mama mmoja. Wa kinamasini hujulikana kwa chini ya bawa: safu ya vidoa vyeupe kama lulu. "Reino, baba, umetuletea mgongo. Tuletee tumbo!" Wakaangua kicheko. Hata mchungaji!

Jumatano, 11 Juni, mchana

Nimemnasa. Ila hatulii, anapapatika tu, vidoa havionekani. Dawa yake baridi. Nimemtia kwenye kopo tupu la siagi, nikalisukuma ndani ya friji, nyuma ya matango ya siki. Huku kwetu hakuna anayetupa kopo la siagi, friji zimejaa hayo hayo. Nani atashuku? Nijinyooshe kidogo, kisha nimpige picha. Akili ni mali!

Jumatano hiyo hiyo, baada ya balaa

Mungu wangu! Nimeamka, kopo halipo! Leo ni chakula cha jioni kanisani, na Ilene, mke wangu, kalibeba akidhani ni siagi ya chapati za viazi. Nimekimbia hadi kanisani na soksi tu, bila viatu. Nikamkuta Mardell mezani, kisu mkononi, akilalamika kwamba siku hizi hakuna mtu anayempikia maini, na huku anafungua kopo. Nikapiga yowe: "Usipake!" Kipepeo akatoka, akatua kwenye pazia, akafunga mabawa. Lulu zile pale, safu nzima! Mardell akawa amepiga picha kabla sijafunga mdomo. Mchungaji akafungua dirisha, mali yangu ikaenda zake.

Ilene kauliza mbele ya washarika wote ni mdudu gani mwingine nimemhifadhi kwenye friji yake.

Ijumaa, 13 Juni

Sisemi na mtu.

Jumamosi, 14 Juni

Kofia ileile, kichwa kilekile. Mardell kawasimulia wageni jinsi "alivyomgundua". Mimi nilikuwa mkiani, naliwa na mbu. Imeniuma sana, nisijidanganye.

Lakini ngoja! Wake kapatikana kanisani, si kinamasini. Nitakata rufaa! Wakati wa kurudi nimenasa mwingine, mzuri kuliko yule, na sasa yumo kwenye friji akipoa. Mara hii sirudii kosa. Juu ya kopo nimebandika karatasi: MAINI. Nani atakayeligusa?

Ilene anaita kutoka jikoni. Eti kesho tumealikwa kwa Mardell, tusiende mikono mitupu, na bahati nzuri keshapata cha kumpelekea, kitu akipendacho. Nimemwambia abebe chochote, mimi nina mambo makubwa kichwani.