Waparthi na Watu wa Nyamyumba

Jumatatu, 2 Juni 2025
Miaka sabini na tisa. Nimezika mapadri wanne, nimeona volkano ikitema moto mara tatu, na daktari aliyenikataza chumvi naye amekufa. Donc, kwa hiyo, siogopi somo la Pentekoste. Padri Rugema ametangaza: atakayelisoma kwenye Misa ya Kiswahili ni yule atakayejifunza wiki nzima, kila siku mstari mmoja, akianza kwa kupiga magoti. Kusoma ni sala, anasema. Tunaotaka ni wawili: mimi na Drocella fundi cherehani. Maskini Drocella.

Jumanne, 3 Juni
Drocella kabandika mstari mmoja kwenye cherehani. Anashona, anautazama, anashona. Mutu mzima! Mimi herufi zinanikimbia kidogo, basi nimepata njia: jirani yangu Kadiri, Mwislamu, anasoma vizuri. Anisomee, nishike kwa kichwa. Magoti yapumzike.

Jumatano, 4 Juni
Kadiri kasoma mara tano. Kasema wao madrasa aya moja waliirudia mpaka ikaingia mufupani. "We muzee unameza tu, kama dawa ya minyoo." Nikamwambia dawa ya minyoo inafanya kazi.

Ijumaa, 6 Juni
Padri kauliza mstari gani umetugusa. Drocella kataja mmoja, ule wa upepo, akausema polepole. Mmoja! Mimi nikamwaga somo lote, juu mpaka chini, macho nimefumba. Drocella mwenyewe akamwomba Padri anipe mimi, eti huenda nisifike Pentekoste nyingine. Wivu huo. Nimeshinda.

Jumapili, 8 Juni
Suti ya kahawia. Kitabu wazi, sikitazami. Upepo, ndimi za moto, safi kabisa. Nikafika kwenye ile orodha ya mataifa yaliyosikia mitume. Waparthi. Wamedi. Halafu kichwa cheupe kama sahani. Kutazama kitabu: herufi sisimizi watupu. Lakini mimi Gatete sikwami! Nikaendelea na wa kwetu: na watu wa Nyamyumba, na wa Busasamana, na wale wanaovuka mpaka pale Grande Barrière na vikapu vyao vya nyanya. Kanisa likacheka, kwaya pamoja.

Nje Padri akaniuliza, "Mzee Gatete, hao wa nyanya umewasoma wapi?" Nikajibu ni Roho. Akasema kila Jumatano nikae na Drocella, tujifunze mstari mmoja kwa wiki.

Jumatatu, 9 Juni
Nimetafakari. Ni wazi Padri ananipa Drocella nimsimamie. Leo nimeshakwenda kwa Kadiri anisomee mistari ya mwezi mzima, niimalize kabla ya Jumatano. Anayebisha kwamba nilisoma vizuri amuulize Kadiri, alisikia yote akiwa nje kwenye dirisha la kanisa. Au Drocella, aliyekaa benchi la mbele: machozi yalimtoka kwa jinsi nilivyosoma.